Hesabu Kumi, Kisha Chomeka

Katika karakana ya Bunda tulikuwa na dawa moja ya kila ugonjwa. Redio ikikoroma, kompyuta ikiganda, king'amuzi cha mteja kikikataa kuonyesha picha, bosi wangu hakuinuka hata kwenye kiti. Alisema tu, "Chomoa. Hesabu kumi. Chomeka." Mara nyingi kitu kilipona. Umeme wenyewe ulikuwa ukitusaidia kutoa dawa hiyo bila kuombwa: ulikatika mchana mara mbili au tatu, ukarudi, na kila kilichokuwa mezani kikaanza upya kwa pamoja.

Niliingia pale nikiwa na shahada ya elektroniki na mwaka mzima wa kukaa nyumbani Musoma nikituma maombi ya kazi. Mimi ni mtu wa kurudi mlangoni mara tatu kuhakikisha nimefunga. Barua pepe nikishaituma naisoma tena, na kosa likikosekana naogopa zaidi, kwa sababu najua lipo ila sijaliona. Bosi aligundua hilo siku ya kwanza. "Injinia," aliniambia, "wewe utakufa kwa kuwaza. Lakini kuna kazi moja hapa inamtaka mtu wa hivyo."

Kazi yenyewe ilikuwa taa. Kikundi cha wenye boti pale Mwigobero, mwalo wa Musoma ambapo boti hupakia na kushusha, kilitaka taa ya upepo. Mwigobero pamejificha. Upepo unaotoka bara unapita juu ya vichwa, na maji ya karibu yanabaki yametulia hata wakati nje ya ghuba pameshachafuka. Mtu anapanda boti akiona maji bapa, na baada ya robo saa anakutana na kitu kingine. Kikundi kilitaka kipimo kiwekwe juu ya mawe makubwa nyuma ya soko, kebo ishuke mpaka mwaloni, na pale chini pawe na nguzo yenye namba na taa mbili. Kijani, nenda. Nyekundu, subiri.

Niliitaka kazi hiyo kuliko nilivyoonyesha. Mama yangu alikuwa akipanda boti hizo mara mbili kwa wiki. Alipeleka sabuni, unga na sukari vijiji vya ng'ambo, akarudi na magunia ya dagaa. Hajui kuogelea. Wengi wanaosafiri naye hawajui.

Bosi aliagiza bodi ndogo yenye ukubwa wa kiganja. Bodi ya namna hiyo ikitoka kwenye boksi haijui chochote. Inahitaji programu ya kuiamsha, inahitaji Linux, mfumo wa kuiendesha, iliyotengenezwa kwa ajili yake, na inahitaji faili linaloorodhesha kila kilichoungwa juu yake: mguu gani unakwenda wapi, umeme gani unalisha nini. Mkusanyiko huo mafundi wanauita BSP. Wa bodi yetu ulikuwa unatunzwa mtandaoni na watu wa nchi mbalimbali ambao hawajawahi kuonana. Yeyote anayeona kosa anaandika marekebisho, ambayo huitwa kiraka, anawatumia wenzake, wanakikagua, kikifaa kinaingia na kuwa cha wote.

Kuujenga mkusanyiko huo kwenye laptopu yangu kulichukua siku nzima, umeme ukikubali. Haukukubali. Wiki ya kwanza nilianza mara tano na kumaliza mara moja. Betri ya laptopu ilikuwa imechoka, kwa hiyo kila umeme ulipokatika nilikuwa natazama kioo kikiwa cheusi na kusikia feni ikinyamaza, halafu kimya cha mtaa mzima.

Bodi ilipowaka hatimaye, niliona tatizo. Mara moja katika kila mara tano, kipimo cha upepo hakikuonekana. Nilitafuta siku mbili, nikakuta kwamba BSP, kila bodi inapoanza, ilikuwa inazima umeme wa kile kipimo kwa muda mfupi sana, kisha inauwasha. Wakati mwingine kipimo kilichelewa kuamka na Linux ikakipita kana kwamba hakipo.

Niliona ni upuuzi. Nani anazima kitu ambacho ndiyo kwanza kimewashwa? Niliandika mstari mmoja kwenye lile faili: umeme wa kipimo usizimwe kamwe. Tatizo likaisha.

Nilijaribu mara arobaini. Nakumbuka vizuri, kwa sababu daftari lenye vistari arobaini bado ninalo. Bosi alikuwa ananihesabia kwa sauti huku akila mahindi ya kuchoma. "Nane, tisa, kumi, chomeka! Imeonekana? Imeonekana. Haya, chomoa." Mteja mmoja aliyekuja na pasi mbovu alituangalia kwa muda, akauliza kama huo ni ugonjwa au ni kazi.

"Ni utafiti huu," bosi alimjibu. "Tunalipwaga kwa kuhesabu."

Nikatuma kiraka. Mara ya kwanza kilirudishwa, programu yangu ya barua pepe ilikuwa imevuruga nafasi kati ya maneno. Nikatuma tena. Baada ya siku nne mkaguzi alijibu, mtu ambaye sijui kama ni mwanamume au mwanamke, ila majibu yake yalikuwa mafupi kama ya karani. Aliuliza mambo mawili. Kwa nini kule kuzima kuliwekwa hapo mwanzoni? Na umejaribu vipi?

Swali la kwanza lilininyima raha siku mbili. Nilitafuta historia ya faili, nikakuta aliyeandika mstari ule hakueleza sababu, na hakuwa ameandika chochote kwingine kwa miaka kadhaa. Nilijibu: nadhani ni mabaki ya toleo la zamani. Niliandika "nadhani", nikaifuta, nikairudisha. La pili nilijibu kwa kujiamini: nimeikatia umeme na kuiwasha mara arobaini, haikushindwa hata mara moja.

Kiraka kikaingia. Jina langu likawekwa kwenye historia ya kitu kinachotumiwa na watu wasionijua.

Mama hakuelewa Linux ni nini lakini alielewa jina kuandikwa. Jumapili hiyo, nikiwa nyumbani, nilimsikia uani akiwaeleza wenzake wa jumuiya.

"Limeandikwa huko Ulaya. Jina letu lote."

"Kwa ajili ya nini sasa?"

"Amerekebisha kompyuta zao."

"Wazungu wameshindwa, mwanao akaweza?"

"Nakwambia mstari mmoja tu! Kafuta, kaandika, basi."

Nilitaka kutoka nje niwaambie kwamba sikufuta, niliongeza. Nikabaki ndani.

Tulifunga taa Mwigobero mwanzoni mwa kiangazi. Nililisha bodi kwa sola na betri kubwa, isitegemee umeme wa mjini. Niliiweka pale kwenye nguzo, ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, nikasisitiza funguo ziwe mbili tu, moja kwa bosi, moja kwangu, kwa sababu nilijua mtu angeifungua achaji simu. Niliifanya itume namba zake kwenye ukurasa mmoja wa mtandaoni lakini isipokee amri yoyote kutoka nje, niliogopa wahuni. Na ndani yake nikawasha mlinzi. Mlinzi ni saa ndogo iliyomo kwenye bodi; programu isipoigusa kwa dakika moja, inachukulia kwamba programu imeganda na inaiwasha bodi upya yenyewe, bila kumwita mtu, bila kukata umeme. Nilijivunia mlinzi yule. Nilimwambia mwandishi wa kikundi, mtu wa makamo anayeandika majina ya abiria kwenye daftari pale mwaloni, kwamba kitu hiki hakitahitaji mkono wa mtu.

"Kwa hiyo hata kikiumwa kinajitibu?"

"Kinajitibu."

"Mbona hospitali hamtuletei hiyo?"

Kabla ya taa, mama alikuwa na mazoea yake. Alipofika sokoni na mzigo, aliuacha kwa mchukuzi, akapanda njia ya mawe mpaka juu, akasimama akiwa ameshika ncha ya kitenge kwa vidole viwili. Aliiacha ipepee. Alikuwa anaangalia inapopepea na anasikiliza mabati ya nyumba za juu. Kisha alishuka akasema anapanda au hapandi, na wenzake walimfuata. Nilimwona akifanya hivyo tangu nikiwa mdogo na sikuwahi kumuuliza alikuwa anapima nini.

Wiki ya tatu baada ya taa nilimsindikiza. Alifika, akatazama nguzo, akaona kijani, akaingia botini. Kitenge kilikuwa kimefungwa kiunoni.

"Mbona leo hupandi juu, mama?"

"Magoti yanauma," alisema. "Na wewe umeshanipandia."

Nilifurahi mpaka boti ilipogeukia ziwani. Kisha nikaanza kuhesabu ni vitu vingapi vingeweza kuharibika, nikafika kumi na saba, nikaacha.

Wakati huohuo kituo cha maziwa cha Butiama kilitaka bodi kama ile kwa ajili ya tangi lao la kupozea. Tofauti ilikuwa kipimo tu, badala ya upepo kilipima joto. Mengine yalikuwa yaleyale, faili lilelile, mstari wangu uleule. Mwanzoni bodi ya Butiama ilitumia umeme wa ukutani, uliokatika kila siku, nayo ikafanya kazi bila shida miezi miwili. Kisha nikawashauri wanunue betri ili isizimike hovyo. Wakanunua.

Asubuhi moja, mvua za vuli zikiwa zimeshaanza, msimamizi wa kituo alinipigia. Ni mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto.

"Fundi, njoo."

"Kuna nini, mama?"

"Namba yako inasema baridi. Pua yangu inasema mengine."

Nilifika Butiama kabla ya adhuhuri. Walikuwa wameshayamwaga. Maziwa ya watu wa vijiji vitatu yalikuwa yametengeneza mto mweupe kuelekea kwenye migomba, mbwa wawili wakiyalamba, nzi wakiwa wengi kiasi kwamba weupe wenyewe ulionekana unatembea. Watu waliokuja na madumu walikuwa wamesimama, wote wakinitazama mimi. Kwenye ukuta kioo kilionyesha nyuzi nne.

"Tangu lini inasema nne?" niliuliza.

"Inasemaga nne kila siku. Ndiyo raha yake. Sasa mashine ya kupoza ikafa juzi, hakuna aliyejua, maana tunatazama hiyo."

Nilimpigia bosi. Kabla sijamaliza sentensi alisema, "Chomoa, hesabu kumi, chomeka." Nikachomoa betri, nikahesabu, nikachomeka. Namba ikaruka ikawa ishirini na tatu.

"Kimepona?" bosi aliuliza kwenye simu.

"Kimepona."

"Basi."

Ningeweza kuondoka. Bosi angeondoka. Lakini nilikaa kwenye kigoda cha kukamulia nikafungua laptopu na kusoma kumbukumbu za bodi. Siku nne nyuma mtandao ulisumbua, programu ikaganda, mlinzi akafanya kazi yake na kuiwasha bodi upya. Kabla ya sekunde ile namba zilikuwa zinapanda na kushuka kidogo kidogo, kama kitu chochote kilicho hai. Baada ya sekunde ile ilikuwa nne nukta sifuri sita, nne nukta sifuri sita, nne nukta sifuri sita, maelfu ya mistari, mpaka macho yakauma.

Nikaelewa mambo yote kwa mpigo mmoja. Mlinzi alipoiwasha bodi upya, kipimo kilikatizwa katikati ya kujibu, kikabaki kimeshikilia namba yake ya mwisho. Kule kuzima umeme kwa muda mfupi, nilikokuita mabaki, ndiko kulikokuwa kunakiamsha. Mtu fulani alikuweka kwa sababu hiyo na hakuandika. Mimi nilikuondoa, nikajaribu mara arobaini, na mara zote arobaini nilichomoa waya na kuhesabu kumi, kwa sababu kwetu ndivyo kitu kinavyoanza upya. Sikujaribu hata mara moja kuiacha ijiwashe yenyewe umeme ukiwepo. Nchi ya yule mkaguzi nadhani hakuna anayechomoa. Kwetu hakuna asiyechomoa. Umeme mbovu ulikuwa unatuficha kosa, na mimi nikaenda nikauondoa kwa betri.

Nikafungua ukurasa wa Mwigobero kwenye simu. Upepo: tatu nukta sita. Nikashuka chini. Tatu nukta sita. Tatu nukta sita. Tangu saa tatu asubuhi.

Mama alikuwa amesema anavuka na boti ya saa nane.

Simu yake haikupatikana. Akisafiri huifunga ndani ya mfuko, kisha ndani ya kopo la mafuta lililooshwa, na huizima kabisa. Nikampigia mwandishi wa kikundi.

"Taa iko kijani, dada. Tatu nukta sita. Shwari."

"Inadanganya. Zuia boti."

"Inadanganya vipi na wewe ndiye uliyeileta?"

"Imeganda. Tangu asubuhi imeganda. Mama yangu yupo hapo?"

"Yupo, anapakia. Anakusalimu."

"Usimruhusu apande! Vunja kufuli, chomoa betri."

Nilisikia injini ikijaribiwa. "Kufuli la kikundi nilivunje kwa kuambiwa na simu? Wewe mwenyewe ulituapisha hapa lisiguswe. Ngoja nimwambie nahodha."

Nilimsikia akipiga kelele, na mbali kabisa sauti ya nahodha ikijibu, watu wakicheka. Mwandishi alirudi. "Anasema yeye anafuata taa, hafuati simu. Na maji unayaona mwenyewe yalivyo, kama kwenye beseni." Kisha mtandao ukakata. Nilipopiga tena haikupokelewa.

Nilipotoka nje kutafuta pikipiki ndipo nilipotazama juu. Upande wa mashariki, nyuma ya vilima, mbingu ilikuwa imeshuka. Wingu lilikuwa na rangi ya chuma kilichounguzwa, na chini yake palikuwa na mstari wa vumbi. Msimamizi wa maziwa aliliona pia.

"Hilo linakwenda ziwani," alisema. "Wahi, mwanangu."

Kutoka Butiama hadi Musoma si mbali, lakini siku ile nilipimana na wingu. Dereva wa bodaboda alikuwa kijana mcheshi, aliniuliza nimeiba nini. Nilimwambia mama yangu yuko kwenye boti. Aliinama, akaongeza mwendo. Tulipofika barabara kuu upepo ulitupiga mgongoni, ukatupita, na nikaona majani ya mahindi mbele yetu yakilala upande wetu wa kwenda, shamba baada ya shamba, kama kuna mtu anayakanyaga akikimbia kututangulia. Nikatazama ukurasa kwenye simu. Tatu nukta sita.

Nilikuwa nafikiri vitu vya ajabu. Nilikuwa nafikiri nitaandikaje barua ya kukiri, niianze na samahani au na maelezo. Nilikuwa nafikiri kwamba mama anaivaa sketi nzito ya kaki akivuka. Nilijaribu kuomba nikajikuta nahesabu, na kila nikifika kumi naanza tena.

Mwigobero palikuwa pametulia. Hilo ndilo nililolikuta, na sijui kulieleza kwa mtu ambaye hajasimama pale. Vikapu vya dagaa vilikuwa vimeanikwa, mama mmoja anapepeta, maji ya ukingoni bapa. Juu, kwenye mawe, vile vikombe vitatu vya kipimo vilikuwa vinazunguka kwa kasi mpaka havionekani, vinalia. Na kwenye nguzo taa ya kijani ilikuwa inawaka, safi, yenye afya.

Mwandishi alinionyesha ziwa. Boti ilikuwa imeondoka nusu saa iliyopita. Kule nje, maji yalikuwa na rangi mbili, na mstari kati yake ulikuwa unatembea.

Nilidondosha ufunguo mara mbili. Nilifungua sanduku. Nikachomoa.

Moja. Mbili. Watu walianza kusogea. Tatu. Mama anayepepeta aliacha. Nne. Mtu alisema, "Anafanya nini huyu?" Tano. Sita. Nilitaka kuchomeka. Saba. Niliogopa nikiharakisha haitaamka. Nane. Tisa. Bosi angekuwepo angekuwa anahesabu kwa sauti. Kumi.

Namba ilikaa giza kwa karibu dakika nzima, bodi ikiamka. Kisha ikatokea: kumi na tisa. Ikawa ishirini na moja. Taa ya kijani ikazima, nyekundu ikawaka, na ndipo nilipowasikia watu nyuma yangu wakivuta pumzi, kwa sababu nyekundu ile ilikuwa inaonekana vizuri sana kwetu sisi tuliokuwa nchi kavu.

Dakika chache baadaye mvua ilifika, na ziwa likafungwa kama kwa pazia. Hakuna boti iliyoweza kwenda kuwatafuta. Wake wa watu waliokuwa ndani walianza kuja mmoja mmoja. Hakuna aliyenipigia kelele. Mmoja aliniuliza kwa upole, "Dada, wewe si ndiye mwenye taa?" Nikasema ndiyo. Akaitikia kwa kichwa, akasimama kando yangu, na hakuhama. Tulisimama hivyo mpaka saa kumi na moja kasoro.

Walitokea kwa upande ambao hatukuwa tunautazama, wakiambaa ufukwe, injini imezimika, wanaume wanne wakipiga kasia na wengine wakichota maji kwa ndoo na masufuria. Niliwahesabu. Nilihesabu mara ya pili. Wote walikuwepo. Mzigo haukuwepo, unga, sukari, sabuni, vyote walivitupa. Nahodha alipita mbele yangu bila kunitazama na kwenda kutapika nyuma ya kibanda.

Mama alitolewa na wanaume wawili. Kitenge kilikuwa kimechukuliwa na maji. Meno yalikuwa yanagongana, na ilichukua muda kabla hajaweza kusema. Nilidhani atauliza kuhusu unga.

"Nilisikia mabati," alisema. "Pale nashusha mzigo. Niliyasikia kabisa, kule juu, yanagonga. Nikatazama taa yako. Nikajiambia, mwanangu anajua kuliko mabati."

Nilimfunika koti langu mabegani.

Sehemu iliyobaki ni ya mezani. Niliandika kwa wale watu wa mtandaoni nikieleza kila kitu: mstari wangu, mara arobaini, kuchomoa, na kile ambacho sikukijaribu. Nilisema boti, nilisema maziwa. Safari hii sikuandika "nadhani". Nilirudisha kule kuzima, nikaongeza muda wa kusubiri ili kipimo kiamke bila kukosa, na juu ya mistari hiyo nikaandika sababu kwa maneno mengi kuliko inavyohitajika, ili asije mtu mwingine mwerevu akaifuta. Nikaifanya taa iwe nyekundu yenyewe namba ikiganda. Nikaijaribu kwa kuchomoa, na bila kuchomoa, nikajaza daftari. Mkaguzi alijibu siku hiyohiyo. Alishukuru. Akasema naye alipaswa kuuliza zaidi.

Funguo za sanduku sasa ziko tatu, moja mkononi mwa mwandishi. Kikundi hakikunifukuza. Bosi anasema hiyo ndiyo kazi, vitu huharibika. Lakini kiraka changu cha kwanza kilikaa miezi minne mahali ambapo yeyote angeweza kukichukua, na waliokichukua hawaachi anwani. Jioni moja mama aliniuliza, akiwa anachambua mchele, bila kuinua macho.

"Ile ya kwako ya mwanzo. Ilikuwa hapa kwetu na Butiama tu?"

"Sijui, mama."

"Kuna wengine wanaitazama?"

"Inawezekana. Nimeandika kila mahali nilipoweza."

Aliendelea kuchambua.

Alirudi ziwani baada ya mwezi mmoja. Angefanya nini kingine. Amepata kitenge kipya, na anapanda tena njia ya mawe, polepole kwa sababu ya magoti. Akishuka anasimama mbele ya nguzo na kuitazama namba. Anahesabu mpaka kumi. Namba ikibadilika kabla ya kumi, anapanda boti. Wenzake wameanza kufanya hivyo pia, wamejipanga mstari, midomo inatembea bila sauti, kama watu walio kanisani.

Juzi alinipigia akiwa pale. Nilikuwa Bunda, umeme umekatika, bosi amelala kwenye kiti.

"Nimefika thelathini," alisema.

Nilifungua ukurasa. Sifuri nukta mbili, sifuri nukta mbili. Inawezekana hewa ilikuwa imetulia tu. Kuna siku huwa hivyo, vikombe huzunguka kwa shida. Inawezekana pia kuna jambo la kumi na nane ambalo sijaliwaza, na taa ambayo ilipaswa kuwa nyekundu haijajua.

"Taa ina rangi gani, mama?"

"Kijani."

"Na mabati?"

Alinyamaza, akisikiliza. Nilisikia soko, nikasikia injini ikisubiri.

"Kimya," alisema. "Kimya sana."

"Usipande," nilimwambia, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa nimesema kabla ya kufikiri.